Meneja kaniwekea barua ya kuacha kazi mezani nisaini, na mi nimechoka kweli

Shikamoo anti. Naomba usitaje jina langu, mi ni mdada wa miaka 33, naishi Sakina hapa Arusha na mume wangu na mtoto mmoja yuko darasa la pili. Nakuandikia saa saba usiku maana usingizi sina, na Jumanne asubuhi natakiwa nipeleke jibu ofisini.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa mjini, upande wa rizavesheni. Nilianza Februari 2019 nikiwa mapokezi tu, corona ikaja 2020 wenzangu wengi wakarudishwa nyumbani, mi nikabaki kwa nusu mshahara, mzee mwenye kampuni akaniambia mwanangu vumilia, wageni wakirudi sitakusahau. Na kweli hakunisahau, biashara iliporudi akanitoa mapokezi akanipeleka rizavesheni. Nakuelezea hivi anti ili ujue mi sio mtu wa kukimbia kazi, nimefanya hadi Krismasi niko ofisini nasubiri wageni wameachwa na ndege.

Shida imeanza 2023 alipoletwa meneja mpya. Mzee siku hizi anaumwa mgongo, anashinda nyumbani, kila kitu kamwachia huyu kaka. Anti huyu kaka akiingia mlangoni ofisi nzima inanyamaza. Anafoka mbele ya madereva, mbele ya wapishi, mbele ya wageni. Kuna siku alinirushia faili wakati kuna wageni wa Ujerumani wamekuja kumalizia malipo yao, yule mama wa Kijerumani ndo akainama akanisaidia kuokota karatasi, nilitamani ardhi ipasuke. Usiku saa tano anatuma meseji WhatsApp "kotesheni ya wale watu sita iko wapi", usipojibu asubuhi anakuuliza mbele za watu kwani ulikuwa umekufa. Anapenda kuniambia kichwa changu ni cha kuuza ndizi nirudi Marangu kwa mama yangu nikauze ndizi. Mama yangu anauza ndizi kweli, ndo zimenisomesha, kwahiyo hilo neno linanichoma kuliko hata lile faili.

Januari kukatokea tatizo, wageni wawili walifika Karatu wakakuta chumba chao kimeshatolewa kwa watu wengine kwasababu dipoziti haikulipwa kwa wakati. Mimi nilishamtumia yeye email mara mbili kumkumbusha dipoziti ilipwe, email zipo. Ikabidi wageni wahamishiwe lodji ya bei kubwa, na mshahara wa Februari ulipoingia nikakuta wamenikata laki 4 yote kwa mpigo. Mshahara wangu ni 780,000, tunafanya Jumatatu hadi Jumamosi. Hakuna karatasi niliyosaini wala kikao nilichoitwa. Kumuuliza nikaambiwa shukuru hujafukuzwa.

Sasa Ijumaa hii iliyopita akatuita ofisini kwake mmoja mmoja. Akanisogezea karatasi imeshachapwa, "nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe kwa sababu za kifamilia", pameachwa nafasi ya jina na saini tu. Akasema kampuni inapunguza watu, lo sizoni ya mwaka huu ni mbaya, nikisaini mwenyewe ananipa mshahara wa mwezi mmoja na barua nzuri ya kunitambulisha niendako. Nikikataa nitapunguzwa hivyo hivyo na nitaondoka mikono mitupu, maana hata mkataba sina (mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili, ukaisha, hawakunipa mwingine nikaendelea tu kufanya kazi). Akamalizia kwa kusema Arusha ni mji mdogo, atahakikisha hakuna ofisi ya utalii inanichukua.

Mwenzangu mmoja alisaini palepale, akatoka analia. Wa tatu ni binti aliyekuja mwaka jana, sijasikia kama na yeye kapewa karatasi.

Mume wangu ni dereva wa watalii, analipwa kwa safari, na mwezi huu wa nne hana safari hata moja, yuko nyumbani. Yeye anasema saini utoke, afya yako kwanza, umekonda. Mama anasema kazi haiachwi mvua ikinyesha. VICOBA nadaiwa 900,000 na ada ya mtoto muhula ujao bado. Na ukweli anti, kuna sehemu ya moyo wangu inataka kusaini tu nilale usingizi usiku mmoja. Likizo mwaka jana sikwenda hata siku moja. Nisaini? Na ile laki 4 ndo imekwenda?

Niliyechoka, Sakina

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Nalisema kabla ya pole na kabla ya kitu kingine chochote kwasababu umeandika Jumanne, na nataka hata kama utasoma mistari miwili tu alafu mtoto akakuita, hilo uwe umelipata. Hiyo karatasi usiisaini, usiiandike upya kwa mkono wako, usiijibu "sawa" kwenye WhatsApp.

Sasa pole. Pole sana, na hasa hilo la ndizi. Mtu anayemtukana mtu kwa kazi ya mama yake anajua kabisa anapiga wapi, na mtu wa aina hiyo ndo anayejua kuwa siku moja utachoka kiasi cha kusaini chochote akikuwekea mbele. Uchovu wako ni sehemu ya mpango wake, naomba ulione hilo vizuri.

Ngoja nikwambie kitu ambacho huwa sikisemi sana. Kabla sijaanza kujibu barua nilikuwa sekretari kwa miaka mingi, kwenye kiwanda huko Themi, na hizo barua nilikuwa nazichapa mimi. Naitwa ofisini, naambiwa chapa nakala kumi na mbili, acha nafasi ya jina. "Kwa hiari yangu mwenyewe bila kushurutishwa na mtu". Nikazichapa, nikazipanga, nikawaona watu wazima wanaingia mmoja mmoja kusaini, kuna baba mmoja alikuwa fundi mitambo, kafanya pale tangu kiwanda hakijapigwa rangi, akaniuliza mwanangu hapa nimeandika nini, maana miwani kaiacha nyumbani. Nikamsomea. Akasema mbona mi sijaamua kuacha kazi. Nikamwambia saini tu mzee, ndo utaratibu. Nilikuwa sijui sheria, ila nilijua kuna kitu hakiko sawa na nikamwambia vilevile. Alisaini. Kwahiyo mwanangu nikikwambia usisaini jua naongea na wewe na naongea na yule mzee pia, yeye nilichelewa kumwambia.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwanini waajiri wanaipenda hiyo karatasi kuliko barua ya kukupunguza. Sikiliza vizuri maana hapa ndo pesa yako ilipo.

Kampuni kupunguza wafanyakazi inaruhusiwa, tusidanganyane. Lo sizoni ya masika ni kweli, wageni hawapo, magari yamepaki, na sheria haimlazimishi mwajiri abaki na watu asioweza kuwalipa. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea njia ya kupita. Anatakiwa atoe taarifa mapema kuwa ana nia ya kupunguza watu, awape taarifa zote zinazohusika, alafu akae na nyie kabla hajaamua, mzungumze sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, mtachaguliwa kwa kigezo gani nani abaki nani aende, lini, na malipo ni yapi. Kama mna chama cha wafanyakazi anakaa na chama, CHODAWU kwa mfano wana watu wa hoteli na utalii, kama hamna chama anakaa na nyie wenyewe. Kuitana mmoja mmoja Ijumaa na karatasi imeshachapwa sio kukaa na watu. Na huyo binti wa mwaka jana ambaye hujasikia kama kaitwa, mi simjui na wala sina neno naye, ila swali la "mmetumia kigezo gani" linakuwa na uzito mkubwa ukikuta aliyekaa miaka 6 anaondoka na aliyekaa mwaka mmoja anabaki kazi ile ile.

Ukipunguzwa unalipwa. Ukiacha mwenyewe, sehemu kubwa ya malipo hayo inapotea. Basi.

Tuhesabu kwa mshahara wako. Kiinua mgongo cha sheria (nakiita hivyo maana ndo watu wengi wanavyokiita, wengine wanasema malipo ya kusitishwa kazi) ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwa mtu ambaye mwajiri ndo kamwachisha na alishafikisha miezi 12 mfululizo. We unafanya siku 6 kwa wiki, kwahiyo 780,000 kama yote ni msingi inakuja kama elfu 30 kwa siku. Mara 7 ni 210,000. Miaka yako 6 imetimia tangu ile Februari 2019, hiyo ni 1,260,000. Weka notisi ya siku 28, unaifanyia kazi au unalipwa badala yake, wala hiyo sio fadhila. Weka likizo ambayo hukwenda, mfanyakazi ana siku 28 kwa mwaka, na unapoondoka zile ulizostahili na hukwenda zinalipwa. Alafu kuna NSSF.

NSSF wengi hawajui hili. Kuna fao la kukosa ajira, kama ulichangia angalau miezi 18 na ukakosa kazi bila kuacha mwenyewe, kwa kawaida unalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6 wakati unatafuta kazi. Theluthi ya 780,000 ni kama 260,000 kwa mwezi, miezi 6 ni zaidi ya milioni moja na nusu. Sasa soma tena hiyo karatasi aliyokusogezea, "kwa hiari yangu mwenyewe". Hilo neno hiari peke yake linakufungia mlango huo wa NSSF na ule wa kiinua mgongo kwa pamoja. Yeye anakupa laki saba na themanini ambayo karibu yote ungeipata kama notisi hata hivyo, na we unamwachia karibu milioni 3. Ndo biashara iliyoko mezani.

Kesho asubuhi kabla ya ofisini, au mchana ukitoka kula, nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako. Usiridhike na slipu kuonyesha umekatwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida we 10 na yeye 10, kwahiyo kwako kila mwezi ingetakiwa iingie 156,000. Kuna waajiri wanakata na hawapeleki, na mtu anakuja kujua siku ameachishwa. Bora ujue leo.

Hilo la huna mkataba lisikutishe kabisa. Mkataba wa muda ukiisha na mwajiri akakuacha uendelee na kazi ile ile na mshahara ule ule, sheria inaweza kuuhesabu kuwa umejirudia. Na kuweka masharti ya kazi kwenye maandishi ni jukumu la mwajiri, ukitokea mgogoro hana karatasi, yeye ndo anatakiwa kuthibitisha anachodai. Slipu zako za miaka 6, michango ya NSSF, email unazotuma na kupokea kwa jina la kampuni, hivyo vyote vinasema we ni mfanyakazi wa pale.

Na la mji mdogo. Ni kweli Arusha ni mji mdogo, kwenye utalii kila mtu anamjua kila mtu, kuanzia Mnara wa Saa hadi Njiro habari inafika kabla ya chakula cha mchana. Ila mji huo huo unakujua na wewe. Hao watu wa rizavesheni wa malodji ya Karatu na Serengeti unaoongea nao kila siku kwa miaka, wanakujua kwa sauti, wanajua nani analipa kwa wakati na nani anawasumbua, na ni wazi wanamjua na huyo meneja wako. Kingine, cheti cha utumishi ni haki yako unapoondoka, hakuna haja ya kukinunua kwa saini. "Barua nzuri" anayokushawishi nayo usiichanganye na hicho.

Sasa Jumanne. Nataka uingie pale ukijua maneno yako, maana najua ukiwa mbele ya mtu anayefoka akili inakimbia. Usibishane, usimtajie vifungu, usimwambie umeongea na mimi. Sema hivi au kwa namna yako, "Kaka, nimeisoma ile karatasi. Sijaamua kuacha kazi kwahiyo siwezi kusaini. Kama kampuni inapunguza watu naomba nipewe barua ya hilo, na tukae tuzungumze kama utaratibu unavyotaka." Alafu nyamaza. Akifoka nyamaza. Akisema basi toka usirudi, muulize kwa upole, naomba hilo kwa maandishi. Akikataa kuandika, ukitoka tu hapo mtumie email fupi, "kama tulivyoongea leo saa tatu, umeniambia nisirudi kazini, naomba uthibitisho", na kesho yake asubuhi fika getini kama kawaida mpaka uzuiwe, asije akasema umetoroka kazi. Hilo la kutoroka kazi linawaponza wengi sana, mtu anaambiwa kwa mdomo toka, anakaa nyumbani wiki mbili kwa hasira, anakuja kuandikiwa kuwa hakuonekana kazini.

Leo usiku, maana usingizi huna, kusanya vitu vyako. Mkataba ule wa zamani, slipu, zile email mbili za dipoziti, meseji zake za saa tano usiku piga picha ya skrini, na andika kwenye daftari tarehe ya lile faili na nani alikuwepo, hata kama tarehe huikumbuki vizuri andika wiki. Lakini tafadhali usijitumie orodha ya wageni wa kampuni wala bei zao za malodji kwenda kwenye email yako binafsi, najua watu wanafanya hivyo wakifikiri watakwenda nazo ofisi nyingine, we usifanye, ndo unampa sababu ya kukufukuza kwa kosa wakati hana sababu, na anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu kiinua mgongo hapati.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako umemtaja alafu ukampita, na mimi nimerudi kwake mara tatu. Mzee. Aliyekwambia wageni wakirudi sitakusahau. Una uhakika gani kuwa anajua kuna karatasi zinasainishwa kwenye ofisi yake? Labda anajua, na hilo litauma, lakini labda anaambiwa watoto wameamua kuacha wenyewe. Mwandikie barua. Usipige simu, usiende nyumbani kwake kulia, andika ukurasa mmoja kwa heshima, shikamoo mzee, pole na mgongo, alafu mambo manne tu, matusi na lile faili, laki 4, karatasi ya Ijumaa, na ombi kuwa kama ni kupunguzwa basi ifuatwe njia ya sheria. Weka tarehe, baki na nakala, mpe mtu apokee na asaini kuwa kaipokea. Hata asipojibu, hiyo barua ina kazi nyingine. Kuna kitu sheria inakitambua, mfanyakazi akiacha kazi kwasababu mwajiri kafanya mazingira yasivumilike, inaweza kuhesabiwa kuwa kaachishwa. Lakini kukithibitisha ni kazi ngumu, na swali la kwanza utakaloulizwa ni je, ulilalamika humo ndani kwanza, ukawapa nafasi ya kurekebisha? Ndo maana sitaki uondoke kwa hasira ukitegemea hilo. Andika kwanza.

Sasa laki 4. Haijakwenda, ila muda unaikimbiza. Mwajiri hawezi kukukata kufidia hasara anavyotaka yeye, lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na makato kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 780,000 ni 195,000. Yeye kakata zaidi ya nusu bila karatasi, kwa kosa ambalo email zako zinaonyesha lilikuwa mezani kwake. Migogoro kama hii unaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mwisho wake ni siku 60. Kama mshahara wa Februari uliingia mwishoni mwa Februari basi una kama wiki mbili hivi zimebaki, usisubiri sijui mpaka mambo mengine yaishe. Na ikitokea wakakuachisha, kupinga kuachishwa isivyo halali ni siku 30 tu. Thelathini. Watu wanazimalizia kwenye vikao vya ukoo na kwa wachungaji, siku ya 40 ndo wanaenda CMA, hapo inabidi uombe kwanza uruhusiwe kuchelewa na ueleze kwanini. CMA Arusha wana ofisi, Moshi nako wana ofisi, kufungua lalamiko hulipii, unajaza fomu na nakala unampa mwajiri, na wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi kabla ya kitu kingine. Mambo mengi yanaishia hapo hapo maana mwajiri akiambiwa na mtu wa serikali kuwa hesabu ni hii, sauti inashuka. Mwambie na huyo mwenzako aliyesaini analia. Yake ni ngumu zaidi kwasababu saini ipo, lakini karatasi mbili zenye maneno yale yale, zimechapwa na kompyuta moja, siku moja, kila mtu eti ana sababu za kifamilia, hazifanani na hiari. Aende akawaeleze ndani ya hizo siku 30, na we ukiitwa kusema ulichokiona useme.

Mume wako sina ugomvi naye. Anakuona unakonda na hana safari, na mwanaume anayekaa nyumbani mwezi wa nne huku mke analia usiku anatafuta kitu chochote cha kukutoa kwenye maumivu. Mwonyeshe hesabu. Kaa naye mpigie 1,260,000, notisi, likizo, NSSF, uone kama bado atasema saini. Na mama naye yuko sahihi kwa nusu yake, maana hii kazi utaiacha tu, kama sio mwezi huu basi mwingine, sikusomi kama mtu anayetakiwa kuzeekea pale. Kuacha kazi sikukatazi. Nakukataza kuiacha kwa karatasi yake, siku anayotaka yeye, kwa maneno aliyoyatunga yeye. Ukipata sehemu nyingine ukaamua kuondoka, hapo utaandika barua yako mwenyewe kwa mkono wako, utatoa notisi ya siku 28, na hutamtaja mtu vibaya hata mstari mmoja.

Na sehemu nyingine anza kuitafuta sasa hivi, wala usingoje kesi. Hai sizoni inaanza Juni, maofisi mengi yanatafuta watu kabla ya hapo, na mwezi huo wa sita huwa kuna maonesho ya KiliFair ambapo kampuni na malodji mengi yanakuwa uwanja mmoja. Nenda. Vaa vizuri, beba CV, wasalimie wale watu wa Karatu unaowajua kwa simu tu wakuone na sura. VICOBA nao nenda uwaambie mapema kabla hujakosa marejesho, mwenyekiti akisikia kutoka kwako kabla ya tarehe anakupangia, akisikia kutoka kwa jirani anakuja na wenzake kuangalia tivii yako.

Usiku wa leo ukimaliza kupanga hizo karatasi, weka simu chumba kingine. Huyo kaka akiandika saa tano, kotesheni itasomwa asubuhi saa mbili ukifika ofisini, mwili wako unahitaji hayo masaa kabla ya Jumanne. Na Jumanne jioni niandikie amesema nini, na kama mzee kaipokea barua niambie aliyeipokea ni nani.